Wasiulizwe Tu, Nao Waulize: Wenye Ulemavu wa Akili na Haki ya Kutafiti

Katika kila mji, kila mtaa, na pengine katika kila ukoo, wamo watu ambao habari zao zimeandikwa na wengine, lakini wao wenyewe hawakupata kuulizwa yaliyomo nyoyoni mwao. Hao ni ndugu zetu wenye ulemavu wa akili. Madaktari wamewapima, walimu wamewapa alama, maofisa wamewahesabu, na majirani wamewapachika majina: taahira, punguani, zezeta. Kila mmoja ana lake la kusema juu yao. Ambaye neno lake halimo kitabuni ni mwenye habari yenyewe.

Katika makala haya tunakusudia kuzungumzia jambo ambalo huenda likawashangaza baadhi ya wasomaji wetu, nalo ni kuwashirikisha watu wenye ulemavu wa akili katika utafiti wa maisha yao, si kwa kuwa watu wa kuchunguzwa, bali kwa kuwa watafiti. Rai yetu ni kwamba jambo hili linawezekana, kwamba limekwishafanyika kwa miaka mingi katika nchi kadhaa, na kwamba kulikataa ni kuidhulumu elimu pamoja na kuwadhulumu watu. Wahenga wametukinai kwa maneno machache: adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Kwanza tuweke wazi tunaowazungumzia, kwa kuwa katika lugha ya mitaani mambo mawili huchanganywa. Ulemavu wa akili si wendawazimu. Mwendawazimu ni mgonjwa; maradhi yake yaweza kumpata katika umri wowote, na aghalabu hutibika au hutulizwa kwa dawa. Mwenye ulemavu wa akili ni mtu ambaye uwezo wake wa kujifunza, kufahamu mambo na kujiendeshea maisha ulichelewa kukua tangu utotoni. Sababu ni nyingi: wapo waliozaliwa na kromosomu moja ya ziada, hali ambayo huitwa Down, wapo waliokosa hewa wakati wa kuzaliwa, wapo waliopatwa na malaria iliyopanda kichwani au homa ya uti wa mgongo wangali wadogo, na wapo ambao mama zao walipungukiwa madini joto wakati wa ujauzito. Hali zao hazilingani. Kuna anayefanya kazi, anayepika na anayekwenda sokoni peke yake; na kuna asiyeweza kutamka neno wala kujilisha. Anayewatia wote katika kapu moja hajawajua.

DHULMA ILIYOFANYWA KWA JINA LA ELIMU

Ili tufahamu kwa nini suala la nani atafiti ni suala la haki, hatuna budi kurejea nyuma na kutazama yaliyotokea pale watu hawa walipokuwa wa kuchunguzwa tu.

Katika kisiwa cha Staten Island, mjini New York, Marekani, palikuwa na taasisi ya serikali iliyoitwa Willowbrook, makazi ya watoto na watu wazima wenye ulemavu wa akili. Ilikusudiwa kuchukua watu wapatao 4,000, lakini katika miaka ya 1960 walilundikwa humo zaidi ya 6,000. Kuanzia mwaka 1956, daktari Saul Krugman na wenzake waliwaambukiza kwa makusudi baadhi ya watoto hao virusi vya homa ya ini, ili wachunguze mwenendo wa maradhi na namna ya kuyakinga. Hoja yao ilikuwa kwamba homa hiyo imekwishaenea katika taasisi, na kwamba mtoto angeipata tu hata asipoambukizwa na daktari. Wazazi waliombwa saini, na walitia. Lakini ilifika wakati taasisi ikafunga milango kwa kujaa, na nafasi zilizobakia zikawa katika jengo la utafiti. Mzazi aliyeelemewa, asiye na pengine pa kumpeleka mwanawe, alikuwa na hiari gani mbele ya karatasi ile?

Insafu inatutaka tuseme kwamba elimu ilipatikana. Utafiti ule ulisaidia kubainisha kwamba homa ya ini ina aina zaidi ya moja, na kwamba kinga yawezekana. Hatukatai. Tunachouliza ni hiki: kwa nini gharama ya elimu hiyo ilitwikwa wale wasioweza kusema hapana? Mwaka 1966 daktari Henry Beecher wa Chuo Kikuu cha Harvard aliutaja utafiti huo katika makala yake mashuhuri iliyoorodhesha tafiti zilizovuka mipaka ya maadili. Mwaka 1972 mwandishi wa habari Geraldo Rivera aliingia na kamera katika majengo ya Willowbrook, na Wamarekani wakaona katika televisheni zao watu walio uchi, wachafu na wasio na wa kuwatazama. Taasisi hiyo ilifungwa mwaka 1987.

Kisa cha pili ni cha shule ya Fernald, katika jimbo la Massachusetts. Kati ya mwaka 1946 na 1953 watafiti wa chuo mashuhuri cha teknolojia cha MIT, kwa msaada wa kampuni ya nafaka ya Quaker Oats, waliwalisha wavulana wa shule hiyo uji uliotiwa chembe za mionzi, ili waone jinsi mwili unavyopokea madini ya chuma na chokaa. Wavulana waliambiwa kwamba wamejiunga na kilabu ya sayansi, na wakazawadiwa safari za kwenda kutazama mpira. Barua zilizopelekwa kwa wazazi hazikutaja mionzi. Siri hiyo ilifichuka hadharani mwishoni mwa mwaka 1993, na mwaka 1998 chuo na kampuni walikubali kulipa fidia ya dola milioni 1.85. Waliochunguza baadaye walisema kwamba kiasi cha mionzi kilikuwa kidogo na hakikuonekana kuleta madhara makubwa ya kiafya. Sawa. Lakini aliyedanganywa amedanganywa, hata kama sumu aliyonyweshwa haikumuua. Na la kusikitisha zaidi ni kwamba baadhi ya wavulana wale hawakuwa hata na ulemavu wa akili. Walikuwa mayatima na watoto wa masikini waliopimwa vibaya wakapewa jina hilo, na jina likawatosha watu wote wasiwaulize tena neno.

Tunaomba msomaji azingatie jambo moja katika visa hivi viwili. Waliotenda haya hawakuwa majambazi. Walikuwa wasomi wenye heshima, na wengi wao waliamini kwamba wanafanya kheri. Kilichowapotosha ni dhana moja tu: kwamba mtu yule mbele yao hana la kusema.

Ni kweli kwamba Marekani ilipitisha sheria ya utafiti mwaka 1974, na mwaka 1979 ikatolewa ripoti iitwayo Belmont, iliyoweka misingi mitatu: kumheshimu mtu, kumtendea wema na kugawa mizigo na manufaa kwa uadilifu. Misingi hiyo ni mizuri, nasi tunaiunga mkono. Hata hivyo, ulinzi peke yake una upungufu. Baada ya aibu zile, wengi waliona njia nyepesi ni kutowagusa kabisa watu hawa, yaani kuwauliza wazazi, walezi na wauguzi badala yao. Dhulma ya kuwatumia bila ridhaa ikapungua, lakini dhulma ya kutowasikia ikabaki palepale.

ALIYEANDIKWA AKAANDIKA

Mwaka 1974 huohuo, nchini Uingereza, kilichapishwa kitabu kidogo kiitwacho Tongue Tied, maana yake mtu aliyefungwa ulimi. Mwenye kitabu alikuwa Joseph Deacon, aliyeishi kwa miongo mingi katika hospitali ya St Lawrence's, Caterham, kusini mwa London, taasisi ya watu walioitwa wenye upungufu wa akili. Deacon alizaliwa na ulemavu wa viungo uliomzuia kutembea na kuharibu matamshi yake, kiasi kwamba watu walidhani hana akili. Mtu mmoja tu katika rafiki zake ndiye aliyemfahamu vizuri, naye ni Ernie Roberts. Basi Deacon akasema, Roberts akarudia maneno, Michael Sangster akayaandika kwa mkono, na Tom Blackburn, ambaye hakujua kusoma, akayapiga chapa herufi baada ya herufi. Watu wanne wakatoa kitabu.

Kisa hiki kinatufundisha kanuni ambayo hata vyuo vikubwa vinaifuata bila kuitamka: elimu haifanywi na mtu mmoja mwenye kila kipaji. Hufanywa na jamaa ambao kila mmoja ana lake. Profesa ana anayemfanyia hesabu, ana anayemtafsiria, ana anayemsahihishia lugha, wala hakuna anayesema kwamba kwa sababu hiyo yeye si mtafiti.

Katika hospitali hiyohiyo aliishi mama mmoja aitwaye Mabel Cooper. Aliingizwa humo mwaka 1957 akiwa binti mdogo, akakaa karibu miaka 20. Hakufundishwa kusoma wala kuandika. Baada ya kutoka alijiunga na chama cha watu wenye ulemavu wa akili wanaojitetea wenyewe, People First cha London, akawa mwenyekiti wake. Kisha akafanya kazi na msomi Dorothy Atkinson wa Chuo Kikuu Huria cha Uingereza. Mabel alisimulia, kinasa sauti kikanasa, Atkinson akaandika na kumsomea, naye akasahihisha. Historia ya maisha yake ilichapishwa mwaka 1997. Hakuishia hapo. Alitaka kujua yaliyoandikwa juu yake katika majalada ya taasisi, akayatafuta, na habari mbili zikawekwa sambamba: ile ya maofisa na ile ya mwenyewe. Mwaka 2010 chuo hicho kilimtunuku shahada ya heshima, naye alifariki mwaka 2013.

Ndugu msomaji, pima mwenyewe. Jalada la ofisi lina tarehe, vipimo na majina ya maradhi. Halina kelele za usiku za bweni lenye makumi ya vitanda, wala uchungu wa kuvaa nguo zisizo zako. Bila Mabel, mwanahistoria angekuwa na jalada tu, na angeamini kwamba ameandika historia kamili. Huku ndiko kuidhulumu elimu tulikokutaja mwanzoni.

NAMNA KAZI INAVYOFANYIKA

Mwaka 2001 msomi Jan Walmsley wa Uingereza aliipa kazi ya namna hii jina lake, utafiti jumuishi, na mwaka 2003 yeye na Kelley Johnson walichapisha kitabu kilichoeleza masharti yake. Kwa ufupi ni matano. Swali linalotafitiwa liwe ni lao wenyewe, hata kama hawakuwa wa kwanza kulitamka. Utafiti uendeleze maslahi yao. Wafanye kazi bega kwa bega na watafiti wengine. Wawe na sauti katika uendeshaji wa kazi na katika matokeo yake. Na mwisho, maswali na ripoti viwe katika lugha wanayoifahamu.

Huenda mtu akauliza, je, jambo hili linaongeza nini katika ukweli? Jibu tunalo. Mwaka 1981 Carol Sigelman na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba watu wengi wenye ulemavu wa akili wanapohojiwa huwa na tabia ya kuitikia ndiyo. Waliulizwa swali, kisha wakaulizwa kinyume chake, na baadhi yao wakasema ndiyo mara zote mbili. Wapo waliokimbilia kusema kwamba, basi, watu hawa hawaaminiki. Lakini mwaka 2002 Finlay na Lyons walilichunguza upya jambo hilo, wakaeleza kwamba mara nyingi kosa limo katika swali: refu mno, lenye maneno ya kitaalamu, au lenye kukanusha ndani ya kukanusha. Isitoshe, mtu aliyelelewa katika kuamrishwa hujifunza mapema kwamba kusema ndiyo mbele ya mwenye kalamu ndiko salama.

Fikiri mtu aliyevaa vizuri, ana faili mkononi, anamwuliza kijana mwenye ulemavu wa akili: "Je, unaridhika na huduma unazopatiwa hapa?" Kijana atasema ndiyo. Sasa fikiri mwenzake, mwenye hali kama yake, ameketi naye na kumwuliza: "Jana usiku ulilala saa ngapi? Nani aliamua?" Hapo kuna la kujibu. Swali la kwanza linapima adabu ya kijana mbele ya mkubwa. La pili linapima maisha yake. Na wa kulijua swali la pili ni yule aliyewahi kulazwa saa asiyoitaka. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kazi yenyewe hugawanywa. Wapo wanaochagua swali, wapo wanaolifanya jepesi, wapo wanaohoji wakiwa wawili wawili na msaidizi pembeni. Majibu yakipatikana, makundi mengine huyaandika au kuyachora katika kadi, wakakaa pamoja kuzipanga mafungu kwa mafungu: haya ni ya fedha, haya ya marafiki, haya ya kupigwa. Huko ni kuchambua, hata kama hakuitwi kwa jina kubwa. Ripoti hutolewa kwa sentensi fupi zenye picha, na jarida la kitaaluma la Uingereza linaloshughulikia ulemavu huu huwataka waandishi watangulize muhtasari wa lugha nyepesi katika kila makala.

Huko Ireland, Chuo cha Trinity cha Dublin kinaongoza utafiti mkubwa wa kuzeeka kwa watu wenye ulemavu wa akili, ulioanza na watu 753 wenye umri wa miaka 40 na zaidi, na ambao watu wenye hali hiyo walishirikishwa katika kuyaandaa na kuyajaribu maswali yake. Nchini humohumo umekuwapo mtandao wa watafiti jumuishi, ambamo watu wenye ulemavu wa akili waliendesha uchunguzi wao kuhusu makazi na kuhusu urafiki. Tazama walichokichagua. Wataalamu kwa miaka mingi waliuliza juu ya tabia zao na vipimo vya akili zao. Wao walipopewa nafasi waliuliza: tunaishi wapi, na nani ni rafiki yetu?

HOJA ZA WANAOPINGA

Hoja ya kwanza husema kwamba utafiti unahitaji akili, na hawa ndio wenye upungufu wa akili. Tumekwishaijibu kwa sehemu. Tunaongeza kwamba hakuna anayedai kwamba mtu asiyejua kuhesabu akabidhiwe takwimu ngumu. Msahafu hukabidhiwa anayejua kusoma, na jembe hukabidhiwa anayejua kulima. Kinachodaiwa ni kwamba kwa sehemu ile wanayoijua kuliko wote, wasipitwe.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo husema kwamba watageuzwa kuwa pambo. Watawekwa mbele wakati wa kupiga picha na kuomba fedha za wafadhili, kisha kalamu itabaki kwa wenye shahada. Hofu hii ni ya kweli, na hata wanaoufanya utafiti huu wanaijadili. Dawa yake si kuwaondoa, bali kuuliza maswali ya wazi. Je, analipwa kama wenzake, au analipwa soda na nauli? Je, amewahi kukataa jambo na likabadilishwa? Je, jina lake limo katika ripoti, na je, ripoti hiyo amesomewa? Tukumbuke wavulana wa Fernald: nao waliambiwa kwamba ni wanachama wa kilabu ya sayansi.

Aidha, tuwe wakweli kwamba njia hii ina mpaka. Hadi sasa wanaonufaika nayo zaidi ni wale wanaoweza kusema. Yule asiyesema kabisa bado anasimamiwa na wengine, na wapo watafiti wanaojaribu kujifunza kutokana na ishara zake, macho yake na vilio vyake. Kazi hiyo ni ngumu na haijakamilika. Lakini kutomfikia wa mwisho si hoja ya kuwaacha wote.

Hoja ya tatu huisikia sana miongoni mwetu Waislamu. Husemwa kwamba mtu asiye na akili timamu ameondolewa dhima ya sharia, hana hesabu, basi kauli yake ya nini? Hapa kuna kuchanganya mambo mawili. Kuondolewa mzigo si kuondolewa haki. Mtoto mchanga naye hana dhima, na bado ana haki ya kurithi, haki ya kulishwa na haki ya kutodhulumiwa. Mafakihi waliposema kwamba mwenye upungufu wa akili awe na msimamizi wa mali yake, walikusudia kumlinda asiliwe, hawakukusudia kumziba mdomo. Isitoshe, wengi wenye ulemavu wa akili wanajua halali na haramu kwa kadiri yao, wanaswali na wanafunga. Basi mtu tunayemtarajia asimame safuni tumwambie hawezi kueleza anavyotendewa nyumbani kwake?

SISI NA MKUU WA KAYA

Msomaji aweza kusema kwamba haya ni ya Ulaya na Marekani. La, yana mlango katika nyumba zetu. Umoja wa Mataifa ulipitisha mkataba wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2006. Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009. Ibara ya 4 inazitaka serikali zishauriane na watu wenye ulemavu katika mambo yanayowahusu; ibara ya 15 inakataza mtu kufanyiwa majaribio ya kitabibu au ya kisayansi bila ridhaa yake; na ibara ya 31 inazungumzia ukusanyaji wa takwimu. Tanzania Bara ilitunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010. Kwenye karatasi, basi, neno limekwishasemwa.

Lakini takwimu huanzia wapi? Huanzia mlangoni. Sensa ya mwaka 2012 na ile ya Agosti 2022 zote ziliuliza juu ya ulemavu, na aliyejibu kwa niaba ya nyumba nzima kwa kawaida alikuwa mkuu wa kaya. Kama mkuu wa kaya anamwonea aibu mwanawe aliye chumba cha uani, atasema hayupo, au atasema mzima. Anayefichwa hahesabiwi, na asiyehesabiwa hapangiwi darasa, mwalimu wala dawa. Kwa hiyo ukimya wa baba mmoja barazani unafika mpaka katika bajeti ya nchi.

Kutokana na hayo tunatoa ushauri ufuatao kwa waumini wetu.

Kwanza, tuyaache majina ya dharau, majumbani na misikitini. Mtu huitwa kwa jina lake alilopewa na wazazi wake.

Pili, anapokuja karani au mtafiti, tusimjibie mwenye ulemavu. Aitwe, aketi, aulizwe kwa maneno mepesi. Mzazi amsaidie kufahamu swali, asimsaidie kufahamu jibu. Na akionyesha kwamba hataki, hiyo nayo ni kauli, iheshimiwe.

Tatu, vijana wetu walioko vyuoni wanaoandika tasnifu juu ya elimu maalumu, afya na ustawi wa jamii, wasitosheke na kumhoji mzazi na mwalimu. Wawatafute wenyewe, wawe nao tangu kuchagua swali, wawalipe haki yao, na warudi kuwasomea walichokiandika. Mwanafunzi anayechukua habari za watu, akapata shahada asirudi tena, amekula amana.

Nne, misikiti yetu ianze na jambo dogo lililo ndani ya uwezo wake. Kila kamati ya msikiti yaweza kuwatafuta waumini wawili au watatu wenye ulemavu wa akili pamoja na mtu wa kuwasaidia, ikawaomba wazunguke kwa wenzao waulize: Je, unakuja msikitini? Nani anakuleta? Nani alikufukuza? Madrasa unakaa wapi? Unapenda nini, unaogopa nini? Kisha waje waieleze kamati, nayo isikilize bila kucheka. Hakuhitajiki mfadhili wala kompyuta. Kunahitajika subira, na utayari wa kuambiwa tusiyoyapenda. Kwa kuwa huenda tukaambiwa kwamba aliyemfukuza safuni kijana anayetoa sauti wakati wa swala ni mzee wetu tunayemheshimu, na kwamba anayempiga ni ustadhi.

Tunafahamu kwamba wapo wazazi waliochoka, waliobeba mzigo huu miaka kumi, ishirini, bila msaada. Makala haya hayakuandikwa ili kuwalaumu. Wao nao hawasikilizwi inavyostahiki, na elimu wanayoipata usiku na mchana haipatikani katika chuo chochote. Lakini kauli ya mzazi na kauli ya mwana ni kauli mbili. Mzazi anajua alivyolea. Mwana anajua alivyolelewa. Na siku mzazi atakapoondoka duniani, anayebaki na maisha hayo ni mwana. Ni kheri basi awe amezoea kusema, na sisi tuwe tumezoea kumsikiliza, kabla ya siku hiyo kufika.

Wabillahi Tawfiq.